Barua ya wazi kwa viongozi wa Lamu: tupeni funguo za vyumba vya kompyuta

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu na Waziri wako wa Elimu,
Kwa wabunge wetu wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, pamoja na Mwakilishi wa Wanawake,
Kwa wawakilishi wa wadi zote kumi,
Kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti,

Assalaam aleikum, na salamu za heshima kwenu nyote. Nawaandikia kuomba vyumba vya kompyuta vifunguliwe kwa watoto waliomaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ili wajifunze kompyuta na kusoma kabla ya kuingia chuo kikuu.

Mwezi wa Julai, upepo wa kusi umekaza, binti mmoja wa Kizingitini, kisiwani Pate, alibisha hodi kwangu Langoni, hapa mji wa Lamu (Amu), ninapofundisha watoto kwa kujitolea, akiwa na babake. Walikuwa wametoka kwao alfajiri. Boti iliwabidi ingoje maji yajae ndipo ipite mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda, kwa hiyo walifika jua limeshapanda na buibui la binti limelowa chumvi mpaka magotini. Alikuwa amepata B katika KCSE na KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, walikuwa wamempa nafasi ya kusomea ualimu. Furaha tupu, ungedhani. Lakini alikuja analia.

Fomu zake zote zilijazwa na kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti. Binti alisimama nyuma ya kiti, akataja jina, namba ya mtihani na kozi anazozitaka, akalipa, akaondoka. Kijana akafungua anwani ya barua pepe kwa niaba yake na kuweka paswadi anayoijua yeye peke yake. Hakukusudia ubaya, kwa sababu ndivyo wanavyofanya kwa kila mtoto asiyekuwa na anwani. Tangu siku hiyo kila ujumbe aliotumiwa binti huyu kuhusu masomo yake ulikwenda kwenye sanduku ambalo hakuwahi kulifungua. Sasa alitakiwa kuomba mkopo, na maombi ya mkopo nayo siku hizi ni ya mtandaoni, na kijana wa saiba alikuwa ameshahamia Mombasa.

Ilituchukua siku nne kumpata kijana yule na kulirudisha sanduku mikononi mwa mwenyewe. Katika siku hizo nne nilimweka binti mbele ya laptopu yangu nikamwambia, "Andika jina lako."

Akanyoosha kidole kimoja juu ya kibodi kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. "Dada," akaniuliza, "mbona herufi hazifuatani?" Alizoea alifu kwa ujiti, alizoea A, B, C ukutani mwa darasa, na hapa Q iko jirani na W. Alipoipata M aliibonyeza akaishikilia, zikajaa M mstari mzima, akashtuka akaondoa mkono kama aliyeungua. Jina lake la maneno matatu lilichukua muda wa kuchemsha chai. Nikamshika vidole vyake viwili vya shahada nikaviweka juu ya F na J, nikamwambia apapase. Kuna kinundu kidogo juu ya kila moja. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Huyu ni mtoto aliyepata B, na ilikuwa imebaki kama miezi miwili aingie chuo kikuu.

Babake, mvuvi wa kamba, alikuwa amekaa mkekani akitutazama. Akasema, "Mwalimu, huyu alikuwa nyumbani tangu Novemba. Laiti ningejua, ningemleta msimu wa kaskazi."

Waheshimiwa, maneno ya mzee huyu ndiyo yaliyonifanya niandike. KCSE huisha Novemba. Vyuo vikuu hufungua Agosti au Septemba. Hapo katikati pana miezi tisa, kaskazi yote na sehemu kubwa ya kusi, ambayo mtoto wa Lamu hungoja tu. Anangoja matokeo, kisha anangoja kuteuliwa, kisha anangoja barua ya kuitwa. Akimaliza kungoja anapanda boti hadi Mokowe, anapanda basi, na Jumatatu inayofuata anatakiwa ajue mambo ambayo hakuna aliyemfundisha.

Nayajua haya kwa sababu yalinipata. Wiki ya kwanza ya chuo kikuu mhadhiri alituambia maelezo yake yamo kwenye mfumo wa chuo na asainimenti ya kwanza ipakiwe humo kabla ya saa sita usiku wa Ijumaa. Akatoka. Niliiandika kazi yangu kwa mkono, kurasa nane, hati nzuri iliyopigwa mstari pembeni. Nikaipeleka kwa mchapaji getini, nikamlipa kwa kila ukurasa, nikarudi na flashi. Saa tano usiku nilikuwa kwenye kompyuta ya kuazima, na mfumo unalikataa faili langu. Haukuwa unakubali aina ile. Kulibadilisha kuwa PDF ni kazi ya sekunde kumi, lakini sikuwa najua kuwa mafaili yana aina. Nilipata sufuri. Nilikuwa na A ya Kiswahili na A ya historia kutoka sekondari, na wiki tatu baada ya hapo sikunyoosha mkono darasani hata mara moja, kwa hofu kwamba kila mtu anajua kitu nisichokijua.

Na hilo la faili lilikuwa jepesi. Zito zaidi lilikuwa kusoma kwenyewe. Sekondari mwalimu alituandikia ubaoni au alitusomea taratibu, nasi tukanakili, tukakariri, tukaufaulu mtihani. Chuo kikuu mhadhiri anasema, "Kasomeni makala haya matatu, mje na hoja yenu." Niliyasoma yote kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho kama ninayehifadhi juzuu, nikanakili sehemu nilizozipenda, nikazipeleka. Nikaitwa ofisini nikaambiwa nimeiba maandishi ya watu. Nililia sana siku ile. Sikuwa nimeiba kwa kujua, kwa sababu kunakili ndiko nilikokuwa nikisifiwa kwa miaka kumi na miwili.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba sisi Waamu na watu wa visiwa tuna urithi wa elimu ambao ungeturahisishia haya yote. Watoto wangu ninaowafundisha hawakuelewa kabisa marejeo ya kitaaluma nilipoyaeleza kama yalivyoelezwa kwangu. Siku moja nikawauliza, "Hadithi ya Mtume unaikubali bila isnadi?" Wakasema hapana, lazima tujue nani kapokea kwa nani. Nikawaambia basi marejeo ndiyo hayo hayo. Ukisema jambo, taja ulilipokea kwa nani, katika kitabu gani, mwaka gani na ukurasa wa ngapi, ili anayekusoma aweze kulifuata hadi kwenye chimbuko. Chumba kizima kikaelewa kwa mara moja. Kuandika pembeni ya ukurasa unachokifahamu kwa maneno yako, hilo nalo wanalijua, kwa sababu wamewaona mashekhe na vitabu vyao vya darsa vilivyojaa hashiya. Siyu ilikuwa mji wa wanakili wa misahafu ambao kazi yao inatunzwa mpaka leo. Nyaraka za kale za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na mtafiti aliyeko London anaweza kuzifungua mezani kwake. Nataka mtoto wa Mkomani, ambaye babu yake alisoma ndani ya msikiti ule, naye aweze kuzifungua.

Sasa nije kwenye mashine.

Sikuandika kuomba kompyuta mpya. Zipo. Nimetembea na kuona kwa macho yangu vyumba vya kompyuta vilivyofungwa kwa kufuli, mashine zimefunikwa vitambaa, kibandiko cha mfadhili bado kinang'aa. Katika shule moja, ambayo sitaitaja kwa sababu tatizo si lake peke yake, niliambiwa chumba hufunguliwa wakija wageni. Nanyi mnajua hewa yetu. Kwetu hapa mashine isiyowashwa huliwa na chumvi upesi kuliko inayotumiwa kila siku, kwa sababu inayowashwa hupata joto na kukauka ndani. Kuzifunga hakuzihifadhi.

Vilevile tunajua ahadi za nyuma. Mwaka 2013 watoto wa Kenya waliahidiwa laptopu, na 2016 ndipo tabuleti zilipoanza kugawanywa kwa darasa la kwanza. Hebu tupige hesabu pamoja. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza 2016 alifanya KCPE ya mwisho, mtihani wa darasa la nane, 2023, akaingia kidato cha kwanza 2024, na ndiye atakayefanya KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 mwaka 2027. Yaani mtoto yule yule aliyelengwa na mradi ule anamaliza sekondari, na katika wanaonijia wengi hawajawahi kuandika ukurasa mmoja kwa vidole vyao. Simlaumu mtu. Ila nasema kwamba kifaa bila mwalimu na bila ratiba kimeshajaribiwa, na tumeyaona matokeo yake.

Nimeambiwa na watu wazito kwamba mtaala mpya utalimaliza jambo hili, kwa sababu wanafunzi wa gredi ya kumi wameshaanza shule ya upili ya juu mwaka 2026. Naomba iwe hivyo. Lakini hao hawatamaliza kabla ya 2028. Walioko katika vidato vya mwisho vya 8-4-4 ni watoto wetu vilevile, na somo la kompyuta kwao ni la hiari, tena katika shule chache zenye mwalimu wake. Hatuwezi kuwaruka kwa sababu mfumo wao unaondoka.

Nimeambiwa pia kwamba vyuo vikuu na sekondari ni kazi ya serikali kuu, kaunti haina mkono hapo. Ni kweli kwa sehemu. Lakini Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti maktaba na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hakuna sheria inayosema maktaba lazima iwe na vitabu tu na mlinzi. Chumba cha kompyuta kinachofunguliwa kwa umma alasiri, chenye mtu wa kuongoza, ni maktaba. Wabunge nao wana mfuko wa maeneo bunge. Ngome yetu pale mjini ilikuwa gereza hadi 1984, leo ni makumbusho na wageni wanaingia wakitoka. Mji uliogeuza gereza kuwa makumbusho hautashindwa kugeuza saa za jioni za chumba kimoja.

Ombi langu ni hili. Chagueni vyumba vitano vyenye kompyuta zinazofanya kazi: kimoja Amu, kimoja Faza, kimoja Kiunga, kimoja Mpeketoni na kimoja Witu. Vifungueni kuanzia wiki ya pili ya Januari hadi mwisho wa Aprili kwa watoto waliomaliza KCSE. Nimeichagua miezi hiyo kwa sababu bahari ya kaskazi ni tulivu na mzazi wa kisiwani hataogopa kumpandisha mwanawe botini. Ramadhani ya miaka hii inaangukia humo humo, kwa hiyo katika mwezi ule madarasa yawe asubuhi, watoto wakiwa bado na nguvu, na adhuhuri warudi makwao.

Kila chumba kipewe walimu wawili, vijana wetu wenyewe waliomaliza chuo kikuu na sasa wamekaa barazani wakingoja kazi. Mmoja awe mwanamke. Hili nalisisitiza, kwa sababu mzazi wa Pate au wa Kiunga atamtoa binti yake akijua kuna dada anayempokea, na bila hivyo hatamtoa, na sitamlaumu. Mkiwalipa walimu hao shilingi 20,000 kwa mwezi, watu kumi kwa miezi minne ni shilingi 800,000. Laki nane kwa kaunti nzima. Siku nne kwa wiki, saa tatu kila siku, kwa wiki kumi na sita, mtoto atakuwa amepata saa 192. Mimi kwa laptopu nne kuukuu nimewapa wanafunzi wangu saa chache kuliko hizo, na baada ya wiki sita wengi wao huandika maneno 25 kwa dakika bila kutazama vidole.

Intaneti isiwe kisingizio cha kuchelewa. Mengi ya kufundisha hayaihitaji. Kuandika kwa vidole kumi hakuihitaji. Wala kutengeneza folda na kuyapa mafaili majina yanayoeleweka, wala kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache ili umeme ukikatika usipoteze kila kitu, na sote tunajua umeme wetu. Jedwali la hesabu la kompyuta (spreadsheet) unaweza kulifundisha kwa bei za samaki za wiki moja: kilo ngapi, bei gani, mafuta ya boti yalikula kiasi gani, faida imebaki shilingi ngapi. Niliwahi kumpa kijana wa Matondoni hesabu hiyo kwa mashua ya amu yake, na jioni yake amu mtu akaja mwenyewe kutaka aonyeshwe. Intaneti itahitajika kwa siku chache tu, za kufungua anwani ya barua pepe ya mtoto mwenyewe kwa namba yake mwenyewe, kujifunza kulinda paswadi, na kuingia mifumo ya KUCCPS na ya mkopo huku mwalimu amekaa kando bila kugusa kibodi. Kwa siku hizo, bando la simu la mwalimu linatosha. Nimelitumia mwenyewe.

Nusu nyingine ya muda iwe ya kusoma. Mtoto apewe sura moja ya kitabu na dakika arubaini. Asome vichwa na aya ya kwanza na ya mwisho kabla ya kuingia ndani. Afunge kitabu aandike mistari mitano ya alichokielewa. Afungue tena alinganishe. Ni zoezi dogo na wiki ya kwanza wanalichukia, wananiambia, "Dada, tupe notsi tu." Wiki ya nne wanaanza kubishana wao kwa wao kuhusu mwandishi alikusudia nini, na hapo huwa nanyamaza. Pia wajifunze kujipangia siku, kwa sababu chuo kikuu hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu wala muadhini wa kuwaambia wakati wa hesabu umeingia. Na wafundishwe kuhusu akili mnemba (AI) kwa ukweli wake: inaweza kukueleza jambo usilolielewa, na inaweza pia kukutajia kitabu kisichokuwapo duniani, kwa hiyo mtoto aliyefundishwa isnadi ataiuliza imepokea kwa nani.

Basari mnazotoa zinasaidia sana, na wazazi wanashukuru. Lakini nimeona mtoto aliyelipiwa karo akarudi nyumbani mwaka wa kwanza haujaisha. Alirudi kwa aibu ya kubaki nyuma, akasema chuo kilimshinda. Hakikumshinda. Alifika hajui kuandika kwenye kompyuta na hakuna aliyemshika mkono, na karo tuliyomlipia ikapotea pamoja naye.

Mkinikubalia, mimi nitafundisha Amu mwaka wa kwanza bila malipo, na ratiba ya wiki zote kumi na sita nimeshaiandika. Nitaileta ofisini siku yoyote mtakayonipangia. Msipoweza vyumba vitano, anzeni na viwili, Faza na Kiunga, kwa sababu watoto wa huko ndio walio mbali zaidi na kila kitu.

Binti wa Kizingitini ana mdogo wake, kijana, ambaye atafanya KCSE Novemba. Baba yao alinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza amlete lini. Nimemwambia nitamjibu nikishapata jibu lenu.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu wa kujitolea, Langoni, Amu